Neti ya kijani na miche iliyorefuka kama fito

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nina kitalu cha miembe Muheza, viriba kama mia nne, nimevibananisha chini ya neti ya kijani ya asilimia 80. Miche imekuwa mirefu, vishina vyembamba, majani yamepauka. Muuza pembejeo mmoja anasema kosa ni rangi: mti hautumii mwanga wa kijani, ninunue neti nyekundu, ambayo bei yake ni mara mbili. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Muuzaji wako ameshika nusu ya ukweli, na nusu hiyo huenda alifundishwa na mtu kama mimi. Nilipokuwa nafundisha baiolojia Lushoto, nilisema bila kupepesa jicho kwamba usanisinuru, yaani kazi ya mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, hutaka mwanga mwekundu na wa buluu, ule wa kijani jani huutupa. Siku moja tukatia magugu ya majini kwenye glasi, tukazizungushia nailoni za kufungia zawadi za rangi tofauti, tukahesabu mapovu ya oksijeni, ambayo ndiyo dalili ya usanisinuru. Kwenye kijani nilitegemea kusiwe na kitu. Yakatoka! Machache, lakini yakatoka. Kijana mmoja akauliza kulikoni, nikamjibu nailoni inavujisha mwanga. Labda ilivujisha kweli, ila mimi nilitaka anyamaze tu.

Somo lenyewe lina asili yake. Mwaka 1882 Mjerumani Engelmann alimulika uzi wa mwani kwa mwanga uliopasuliwa na prizimu. Bakteria wanaofuata oksijeni wakajazana penye nyekundu na penye buluu. Sawa kabisa, lakini uzi wa mwani ni mwembamba mno. Jani la muembe lina tabaka za seli na vyumba vya hewa katikati. Mwanga wa kijani ukikoswa na seli ya kwanza hudunda humo ndani, huku na huku, mpaka sehemu yake kubwa inanaswa. Huo ukijani tunaouona ni masalio tu. Tena jua likiwa kali, seli za juu hushiba nyekundu na buluu mapema, na kijani ndicho kinachoshuka kulisha zile za chini. Mwaka 2009 watafiti wa Japani walipima jani la alizeti chini ya mwanga mweupe mkali: kijani cha kuongezea kiliinua usanisinuru kuliko nyekundu ya kuongezea.

Kwa hiyo rangi ya neti yako haina hatia. Mwanga mwingi unaofikia miche umepita kwenye matundu, na ni ule ule wa jua. Hatia ni ya hiyo asilimia 80, yaani sehemu ya mwanga inayozuiwa na neti, na ya kubanana. Majani hurudisha na kupitisha kwa wingi wekundu wa ukingoni kabisa, ambao macho yetu karibu hayauoni. Mche ukiuhisi, unajua jirani yupo, nao hukimbilia juu na kusahau kunenepa.

Tenganisha viriba mpaka majani yasigusane. Tafuta neti ya asilimia 50, ya rangi yoyote iliyo rahisi, au funua hiyo uliyonayo asubuhi, ukiongeza muda kidogo kidogo. Ukiitoa kwa mkupuo majani yataungua. Na miche ile iliyokwisha kuwa fito usiibebeshe, yaani usiiunganishe na kikonyo cha muembe mwingine, mpaka shina lifikie unene wa penseli.