"Get" si kupata tu: maswali yenu na majibu

Mwalimu, kamusi yangu inasema "get" ni kupata. Mbona kwenye sentensi nyingi maana hiyo haikai?

Kwa sababu kitenzi hiki hakina maana mpaka uone kinachofuata. Likifuata jina la kitu, ni kupata, kupokea, kununua au kuleta: "I got a letter", nimepata barua, "get me a chair", niletee kiti. Ikifuata sifa, ni kuingia katika hali fulani: "get tired", kuchoka, "it's getting dark", giza linaingia. Pakifuata mahali, ni kufika: "we got to the station at six", tulifika stesheni saa kumi na mbili. Sisi tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga magoti, na wala hatufikirii kipigo. Basi achana na ile orodha ndefu ya maana. Jifunze "get" pamoja na jirani yake.

Nimesahihishwa kwa kusema "get to home". Kosa ni nini?

Ondoa "to". "Home", "here" na "there" haziihitaji: "I got home late". Shuleni na kazini inabaki: "get to school", "get to work".

Rafiki yangu anashikilia kwamba "gotten" ni kosa. Ni kweli?

Si kweli. Mwingereza husema "she has got better", Mmarekani "she has gotten better", yaani amepata nafuu. "Gotten" ni umbo la zamani lililotumika Uingereza kwanza. Huko likafifia, Marekani likadumu. Waingereza wenyewe bado wanasema "forgotten". Ila angalia hapa: hata kwa Mmarekani, "I've got a car" ni nina gari, na "I've gotten a car" ni nimepata gari. Chagua mtindo mmoja, usichanganye.

Nilitoka kwa kinyozi nikasema "I cut my hair". Nikaulizwa kama nimejinyoa mwenyewe!

Hilo swali nalipenda, maana wengi wanaikosa hii na inafaa kila siku. Kwa Kiswahili ukisema "nimenyoa nywele", msikilizaji hahoji mkasi ulishikwa na nani. Kiingereza huelekea kutaja kwamba kazi imefanywa na mwingine: "I got my hair cut". Mpangilio ni "get", kisha kitu, kisha kitenzi katika umbo lake la tatu (kama "done" katika "do, did, done"): "I got my phone repaired", "I'm getting a dress made". Ukitaka kuuhisi, fikiria kushonesha. Anayeshona ni fundi, wewe umeshonesha.

"I was robbed" na "I got robbed" zina tofauti?

Zote mbili ni nimeibiwa. Ya pili ni ya mazungumzo, na husikika zaidi kwenye mambo yanayomkuta mtu ghafla.

Je, nitumie "get" kwenye barua ya kuomba kazi?

Kwa kiasi. Andika "I received your letter", "I obtained a diploma", "I became a supervisor". Zina uzito unaofaa. Lakini usiyahamishie maneno hayo nyumbani. Ukimwambia ndugu yako "I obtained some bread", atakushangaa. Sema "I got some bread". Naye akikueleza jambo likakuingia, jibu "got it", nimeelewa.