Volvo ya umeme pekee 2030? Walishabadilisha

Hapana mkubwa, hiyo ya Volvo kuuza magari ya umeme pekee ifikapo 2030 imepitwa na wakati. Waliahidi hivyo Machi 2021, lakini Septemba 2024 wakalegeza kamba: sasa lengo ni asilimia 90 hadi 100, na humo wamehesabu pia haibridi za kuchaji (zina betri na injini pamoja), ambazo bado zinakunywa petroli.

Hata wangeshikilia, sheria ya Kenya inaruhusu kuagiza gari lililotumika lisilozidi miaka minane. Gari la petroli la 2029 bado lingeshuka Mombasa 2036.

Mimi hupiga Nakuru–Kisumu. Hapa steji madereva hawana chuki na umeme. Wanauliza betri ikichoka nani atalinunua hilo gari. Na milima pia. Niliwahi kuendesha la umeme la mteja: kupanda Mau Summit chaji iliyeyuka nikiiangalia, kuteremka kwenda Ahero ikarudi kidogo, maana ukiachia pedeli ya mafuta (sijui tuiite nini sasa) mota inageuka jenereta. Breki sikuzigusa sana. Hiyo niliipenda.