Uliza Mwalimu: Dau la elfu kumi

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwanangu wa kidato cha tatu ameweka dau la shilingi 10,000 na mjomba wake kwamba 4,294,967,297 ni namba tasa, haigawanyiki ila kwa 1 na kwa yenyewe. Mjomba kagawa usiku kucha, kafika 211, kachoka. Kalkuleta yangu ni ya tarakimu nane, namba yenyewe haiingii. Pesa nimeshikishwa mimi. Nimpe nani?
Muuza dagaa, Mwanza

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mjomba, ingawa hakuitolea jasho la maana.

Namba hiyo naifahamu. Chukua dagaa mmoja, mfanye wawili, wawili wawe wanne, endelea hivyo mara 32, kisha tupia mmoja wa nyongeza kama unavyowafanyia wateja wako. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, naye aliamini ni tasa, na hakuwa mjinga. Ukikomea mara 1, 2, 4, 8 au 16, pamoja na nyongeza yako, unapata 3, 5, 17, 257 na 65,537. Zote tasa! Hii ya mwanao ndiyo inayofuata.

Mwaka 1732 Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi, akaiangusha: 641 × 6,700,417. Zidisha kwa karatasi na kalamu, kalkuleta iache ipumzike.

Mjomba namwonea huruma. Kwa njia yake angeweza kuhangaika hadi karibu na 65,536, na chini ya hapo kuna namba tasa 6,542. Euler baadaye alithibitisha kwamba kigawo tasa cha namba hii lazima kiwe 64 mara kitu fulani, jumlisha 1. Basi orodha ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Ondoa zisizo tasa, zinabaki tano tu. Katika zote alizojaribu mjomba usiku ule, ni 193 peke yake iliyostahili kujaribiwa.

Kijana akibisha (kidato cha tatu hawakosi kubisha), mwonyeshe hili nililoliandika nyuma ya tiketi nikisubiri kivuko cha Kamanga. 640 imepungua moja tu kufikia 641, yaani kwa 641 ni sawa na baki la −1; na −1 ikizidishwa yenyewe mara nne ni 1, kwa hiyo 640⁴ ukiigawa kwa 641 inabaki 1. Maana yake 641 inagawa 640⁴ − 1 kamili. Sasa, 640 ni 5 × 2⁷, hivyo 640⁴ ni 625 × 2²⁸. Iongezee 16 × 2²⁸, unapata 641 × 2²⁸, ambayo 641 inaigawa bila ubishi. Toa ile ya kwanza kwenye hii ya pili: kinachobaki ni 16 × 2²⁸ + 1, yaani 2³² + 1, namba yenu. 641 ikigawa zote mbili, inagawa na tofauti yake. Kivuko kilifika nikiwa bado nacheka peke yangu.

Na akija kutaka kurudisha hasara yake kwa 2⁶⁴ + 1, usikubali kushika pesa. Hiyo inagawanyika kwa 274,177, na Landry wa Ufaransa aliigundua mwaka 1880.