Abaki kwenye uhandisi wa umeme
Mama, umeuliza kama mwanao auache uhandisi wa umeme ahamie kompyuta, kwa kuwa viwanda sasa vinajiendesha. Mimi ningemshauri abaki. Mtambo wa kujaza chupa unaweza kusimama kwa sababu ya kihisi kilichofunikwa na vumbi au waya uliolegea, na fundi anayeligundua hilo upesi ni yule anayejua umeme na pia anayeweza kusoma programu ya kidhibiti, yaani kompyuta ndogo inayoamuru mtambo, kifaa kilichoanza kuondoa makabati ya relei (swichi zinazowashwa na kuzimwa kwa umeme) viwandani tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Kabla hamjalipa ada, aulize karakana ya chuo ina vidhibiti vingapi na wanafunzi wangapi hugawana kimoja. Mihadhara ya mtandaoni, hata iwe mizuri namna gani, haimzoeshi mtu kushika bisibisi. Hisabati asiikwepe.