Mikono iliyonyoshwa mchana kutwa

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Je, Mungu humchoka mtu anayemkataa kila siku?" Kwangu mimi swali hilo lina sura ya mtu. Miaka 8 iliyopita mdogo wangu aliniambia, tena kwa upole, kwamba hataki tena kusikia habari za Mungu. Nikamjibu "sawa", nikanyamaza. Miaka yote hiyo nikajiambia kwamba namvumilia. Kumbe nilikuwa nimenuna.

Ndiyo maana naanzia Isaya 65, pale Mungu anaposema amewanyoshea mikono watu walioasi, mchana kutwa. Zamani nilikuwa naupita mstari huo haraka. Siku moja nikasimama chumbani, nikanyosha mikono mbele yangu, viganja juu, nione inakuwaje. Haukupita muda mabega yakaanza kuwaka moto, vidole vikatetemeka, nikaishusha. Na Mungu anasema mchana kutwa! Tena si kwa watu waliokuwa wakimjia, bali kwa waliompa kisogo. Aliyenuna hukunja mikono. Nilikuwa nimeikunja mimi.

Hata mtini wa Luka 13 hauachwi tu usubiriwe. Mwenye shamba ametafuta matunda miaka 3 bila kuyapata. Mtunzaji anaomba mwaka mmoja zaidi, na papo hapo anaahidi kuupalilia na kuutilia samadi. Uvumilivu huo una udongo kwenye kucha. Sitaficha kwamba mfano huohuo unataja kukatwa. Mungu hamlazimishi mtu ampende, na mtu anaweza kukataa mpaka mwisho. Ila kuchoka ni jambo jingine. Katika Hosea 11, baada ya kueleza jinsi alivyomfundisha Efraimu, yaani watu wake wa Israeli, kutembea, naye akazidi kumkimbia, Mungu anauliza, "Nikuacheje, Efraimu?" Aliyechoka haulizi hivyo. Anayeuliza hivyo anaumia.

Lakini panaponishinda kabisa ni Yohana 13. Yesu anamjua atakayemsaliti. Hata hivyo anavua vazi lake, anajifunga kitambaa kiunoni, anainama kuosha miguu ya wanafunzi, na Yuda bado yumo. Hajatoka, atatoka baadaye. Kwa hiyo miguu ambayo usiku uleule itawaongoza askari hadi bustanini, ilishikwa na Yesu, ikaoshwa, ikapanguswa. Najaribu kuwaza Yuda aliangalia wapi wakati kichwa cha Bwana wake kiko chini, karibu na magoti yake. Kisha mezani Yesu anachovya tonge na kumpa kwa mkono wake mwenyewe. Yuda analipokea, anatoka.

Naamini Yesu alikuwa anampenda katika kila hatua ile, hata alipojua kwamba mlango utafunguliwa na Yuda atakwenda zake. Kwa hiyo jibu langu ni hapana, hamchoki. Anaweza kukataliwa, na kukataliwa kunamuuma, lakini mikono haikunji.

Jumapili iliyopita nilimpigia simu mdogo wangu. Sikumhubiria. Nilimuuliza habari za mgongo unaomsumbua, ambao nilikuwa nimeusikia kwa watu wengine tu. Alinyamaza kidogo, halafu akaanza kueleza, tukaongea karibu saa nzima.