Muulize Shangazi wa Vitabu: Spider-Man aanzwe na namba ipi?

*Mwezi huu barua nyingi ni za katuni. Sijui ni likizo au ni mvua. Nimechukua chache zinazohusiana, wengine mnivumilie hadi toleo lijalo.*

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwalimu wa hesabu huku Kiboriloni. Juzi nilikwenda soko la Memorial kutafuta viatu, nikakuta muuzaji ana boksi la katuni za Spider-Man chini ya meza. Nikabeba lote. Sasa nimekaa sebuleni kuyapanga kwa namba na nimeshindwa. Nina namba 1 ya mwaka 1999 na namba 1 nyingine ya 2014. Nina namba 58, halafu inayoifuata kwa tarehe ni 500. Nina 293 na 294 za mwaka 1987, lakini 293 ikianza jamaa ameshazikwa na sijui nani kamzika. Chini ya boksi yapo mengine makubwa, meusi na meupe, bei yake kwa pensi. Mke wangu anasema nirudishe boksi nikachukue viatu. Nianzie wapi? – *Mwalimu, Moshi*

Marahaba, mwalimu. Msalimie mkeo, mwambie viatu vya mtumba Memorial haviishi, ila boksi kama hilo ukiliacha leo kesho limeshafungia maandazi.

Hesabu zako hazina tatizo. Wenye tatizo ni wachapishaji, Marvel. Mauzo yakilegea wanaanza upya na namba 1, kwa sababu mtu ambaye hajawahi kununua huiogopa namba 437 lakini namba 1 anaichukua. Kisha wakiona wanakaribia namba ya kujivunia, wanakumbuka ghafla kwamba jarida lao ni la siku nyingi na wanarudisha hesabu ya zamani. Wanafanya hivyo bila aibu.

Spider-Man alitokea kwanza kwenye jarida la Amazing Fantasy namba 15, Agosti 1962, kazi ya mwandishi Stan Lee na mchoraji Steve Ditko. Jarida lake mwenyewe, The Amazing Spider-Man, likaanza na toleo la Machi 1963 na kwenda mpaka namba 441 mwaka 1998. Januari 1999 wakarudi kwenye 1, ndiyo hiyo uliyonayo. Hesabu hiyo ya pili ikafika 58. Sasa shika chaki: 441 jumlisha 58 ni 499. Inayofuata?

Umeona. Hiyo 500 ya mwaka 2003 inaifuata 58 yako moja kwa moja, hakuna kilichopotea. Baada ya hapo wakaenda hadi 700, Desemba 2012, na hapa ndipo watu wengi wanapotezana na hadithi. Mwandishi wa wakati huo, Dan Slott, aliiingiza akili ya adui, Daktari Octopus, ndani ya mwili wa Peter Parker, ambaye ndiye Spider-Man mwenyewe, na jarida likabadilishwa jina likawa The Superior Spider-Man kwa zaidi ya mwaka mzima. Namba 1 yako ya 2014 inaanza Peter akiwa amerudi mwilini mwake na kukuta mwingine ameyaishi maisha yake: ana kampuni, ana shahada ya uzamivu, na hakumbuki hata kimoja. Ukiisoma bila Superior utadhani kuna kurasa zimechanwa. Mwaka 2017 hesabu ya zamani ikarudi kwa namba 789, ikafika 801, na Julai 2018 wakaanza tena na 1. Wakarudia 2022. Wakarudia 2025. Mimi nimeacha kukasirika.

Kwa hiyo namba ya jaladani isikutawale. Fungua ukurasa wa kwanza, tazama chini kabisa, kwenye yale maandishi madogo ambayo mimi siyasomi bila miwani. Katika matoleo ya zamani hapo ndipo wanapoandika jina kamili la jarida, juzuu, namba na mwezi. Panga kwa jina la jarida kwanza, halafu mwaka na mwezi, namba iwe ya mwisho. Na mwezi wenyewe unatangulia: lile toleo la Machi 1963 lilikuwa limeshafika kwa wauzaji Desemba 1962. Waliandika tarehe ya mbele ili muuzaji asiliondoe mezani mapema. Basi ukikuta Krismasi ndani ya toleo la Machi, usiandike barua nyingine.

Sasa tuje kwa huyo aliyezikwa, maana hapa boksi lako lina dhahabu. Mwaka 1987 Marvel walikuwa na majarida matatu ya Spider-Man kila mwezi: The Amazing, The Spectacular, na Web of Spider-Man. Hadithi ya Kraven mwindaji, aliyoiandika J. M. DeMatteis na kuchorwa na Mike Zeck, ina sehemu sita, na wakaigawa kwenye majarida yote matatu kwa miezi miwili. Inaanza Web namba 31, inakwenda Amazing 293, kisha Spectacular 131, inarudi Web 32, Amazing 294, na inaishia Spectacular 132. Wewe una sehemu ya pili na ya tano. Aliyezika ni Kraven, na anazika kwenye Web 31, jarida ambalo kwa jina wala kwa namba halifanani na lako. Anampiga risasi, anamfukia, anavaa nguo nyeusi kama za Spider-Man na kutoka nazo usiku mjini ili aonyeshe kwamba kazi hiyo yeye anaiweza zaidi. Mwisho sikwambii.

Mtu anayekusanya kwa namba peke yake angesoma 293, kisha 294, aseme hadithi mbovu. Kumbe ni hadithi nzuri kuliko zote zilizomo kwenye boksi hilo, na hapo sibishani na mtu. Sehemu zote sita zimechapishwa pia pamoja kama kitabu kimoja, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika na matoleo manne yaliyobaki kama lengo lako ni kusoma.

Kuna kitu kingine cha kukusaidia. Ukiwa unasoma matoleo ya zamani utaona mara nyingine mhusika anasema jambo na mbele yake pana kinyota. Chini ya kisanduku hicho mhariri anakwambia jambo hilo lilitokea toleo gani. Vile vinyota ndivyo ramani. Chukua daftari la mistari, lile la wanafunzi, uchore safu tano: jarida, namba, mwezi na mwaka, mwandishi, na ya mwisho uandike "inatoka wapi, inakwenda wapi". Kila ukikutana na kinyota, jaza. Ukimaliza boksi utajua unachokikosa, na ukienda tena Memorial hutanunua kitu kwa sababu tu jalada linang'aa.

Safu ya mwandishi usiiruke. Ndiyo ninayoitegemea mimi kuliko zote. Mwandishi mpya akiingia, hujitahidi kumweleza msomaji mpya mambo, kwa hiyo hapo ndipo mlango ulipo. J. Michael Straczynski aliingia mwaka 2001 kwenye namba 30 ya ile juzuu ya 1999, na mtu anaweza kuanza hapo bila kujua lolote la 1985. Ukipata mlango wa namna hiyo ndani ya boksi, ingia, soma mpaka mwandishi huyo aondoke.

Na kama boksi lina rundo la kuanzia mwisho wa 1994 hadi 1996, ambamo hakuna anayejua Peter halisi ni yupi na nakala ni ipi, liweke pembeni. Hadithi ile walitaka iwe fupi, ikauza, wakaivuta miaka miwili kwenye majarida manne. Nimeisoma yote kwa sababu niko hivyo. Wewe una madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha.

Yale makubwa meusi na meupe ni ya Uingereza. Kuanzia 1973 huko walikuwa na jarida la Spider-Man la kila wiki, lililorudia hadithi za Marekani za miaka ya 1960. Kwa kuwa la wiki linakula hadithi haraka kuliko la mwezi, walizikata vipande, na namba zao hazihusiani kabisa na za Marekani. Usiyachanganye na mengine kwenye rafu. Lakini yasome! Michoro ya Ditko bila rangi inaonekana vizuri zaidi, vile vidole na yale madirisha.

Anza na Kraven, basi. Ukishakolea, tafuta Amazing 121 na 122 za mwaka 1973, zile za Gwen Stacy, mpenzi wa Peter, darajani. Halafu niandikie.

Shangazi, shikamoo. Mwanangu wa miaka kumi na mmoja ameona filamu, sasa anataka vitabu vya yule Spider-Man mweusi, Miles. Baba yake anasema lazima aanze na wa zamani ndipo aelewe. Ni kweli? – *Mama Neema, Sakina, Arusha*

Marahaba mama Neema. Si kweli, na baba Neema nampa pole. Mtoto ukimpa matoleo ya 1963 kwa lazima, na Kiingereza kile cha maneno mengi kila kisanduku, atarudi kwenye simu kabla hujapakua wali.

Miles Morales alitokea kwanza mwaka 2011, kwenye Ultimate Fallout namba 4, akaundwa na mwandishi Brian Michael Bendis na mchoraji Sara Pichelli. Ulimwengu anaotoka si ule wa jarida mama. Mwaka 2000 Marvel waliamua kumsimulia Spider-Man upya tangu mwanzo, kijana wa shule wa zama hizi, katika jarida la Ultimate Spider-Man. Bendis huyohuyo aliandika na Mark Bagley akachora matoleo 111 mfululizo, jambo ambalo kwenye biashara hii ni nadra sana. Kwa hiyo akitaka kuanzia nyuma kidogo, nyuma yake ni hapo, mwaka 2000, siyo 1963. Na kama anamtaka Miles moja kwa moja, mpe Miles. Akikua atamuuliza mwenyewe baba yake habari za wale wa zamani, na baba atapata raha ya kueleza.

Kwa umri huo mimi ningetafuta vitabu vilivyokusanya matoleo kadhaa pamoja, kuliko moja moja. Vinasimama kwenye rafu, havipotei chini ya kitanda, na namba ya mgongoni inamwambia kinachofuata.

Shangazi, nakaa Usa River, nyumba ina unyevu, katuni zangu zinageuka kahawia na pini zinashika kutu. Nitumie selotepu kwenye zilizochanika? – *K., Usa River*

Selotepu hapana! Naiona kila wiki hapa mezani kwangu ninapojalidi: inakuwa ya njano, gundi inaingia kwenye karatasi, na ukiivuta inatoka na sura ya mtu. Zilizochanika ziache zilivyo.

Ukahawia ni wa karatasi yenyewe, ni karatasi ya gazeti, ina asidi ndani yake. Jua na joto vinaharakisha tu. Nenda duka la vifaa vya ofisi, nunua mifuko myepesi ya plastiki ya kuingizia karatasi za A4 kwenye faili. Katuni ya Kimarekani ina upana wa sentimita 17 hivi na urefu wa 26, inaingia na nafasi inabaki. Nusa kwanza. Ile minene yenye harufu kali ya plastiki iache, inanata na wino. Kila mfuko uweke kadibodi ngumu nyuma, zisimamishe ndani ya boksi, boksi likae juu ya kichanja na mbali na ukuta, kwa ajili ya mchwa na kwa ajili ya huo unyevu. Masika likifika, siku ya jua ukilipata, fungua boksi lipate hewa kivulini. Pini zenye kutu zikianza kuchafua karatasi, niletee, kuzitoa kunataka mkono mtulivu.

Shangazi wa Vitabu, nina X-Men namba 1 ya mwaka 1991, safi kabisa. Nimesikia katuni ya Spider-Man iliuzwa kwa mamilioni ya dola. Niuze sasa au ningoje? – *Kijana wa Ngarenaro*

Uliyosikia ni kweli: Septemba 2021 nakala moja ya Amazing Fantasy 15 ilinunuliwa mnadani Marekani kwa dola milioni 3.6. Lakini ile ya 1962 watoto waliisoma, wakaikunja, mama zao wakaitupa, na zilizobaki safi ni chache mno. Yako ya 1991 ilichapishwa zaidi ya nakala milioni nane, na watu walizinunua makusudi ili wazifiche wawe matajiri. Bado wamezificha. Kama kuna mtu hapo mtaani anakupa hela ya chipsi mayai na soda, mpe. Ila uisome kwanza, Jim Lee kachora vizuri.