Kwa nini jirani ana bunduki nawe bado una mikuki

Kijana mmoja wa Likoni ameniandikia juzi: "Kaka, kila nikicheza Civilization VI, jirani analeta bunduki mimi bado nina mikuki. Sayansi yangu haikimbii. Nifanyeje?" Civilization VI ni mchezo wa kompyuta wa kujenga taifa zamu kwa zamu. Nimeona nimjibu hapa, maana najua si yeye peke yake, na swali lenyewe limenikuta na furaha ya mechi ya wiki iliyopita.

Tulicheza nyumbani kwetu Majengo, kompyuta mbili juu ya meza moja, feni imeelekezwa kwenye mashine badala ya kwetu. Binamu yangu alichukua Waskithia. Anayewajua anajua: ukitengeneza mpanda farasi mmoja, unapewa wa pili bure. Mimi nilichukua Wakorea. Watu waliokuja kutazama wakaanza maneno yao, yale yale ya siku zote barazani, kwamba mimi nacheza kama mwalimu, najificha nyuma ya vitabu wenzangu wakipigana. Sitasema hayaniumi. Nimeyasikia muda mrefu, tena kutoka kwa watu ninaokunywa nao kahawa.

Basi sikilizeni nilichofanya. Kitu cha kwanza kutoka mji mkuu kilikuwa skauti. Wengi huona skauti hana maana kwa sababu hapigani. Lakini ukikutana na taifa jingine unapata Eureka, yaani msukumo wa utafiti kwa kutimiza jambo fulani, ya Uandishi, na Uandishi ndio unaofungua Chuo, wilaya ya sayansi mjini. Eureka moja inakupunguzia asilimia 40 ya kazi ya utafiti (mchezo ulipotoka mwaka 2016 ilikuwa 50). Kwa hiyo skauti mmoja alikuwa ameshanisogeza kabla sijaweka jiwe la kwanza.

Halafu jeshi. Nilikuwa na mrusha mawe mmoja wa teo. Akamuua mshenzi, yaani adui asiye na taifa, porini, nikapata Eureka ya Upigaji Mishale. Nikatengeneza wapiga mishale watatu, si zaidi. Hao watatu ni Eureka ya Mitambo, na Mitambo ndiyo inayoleta pinde nzito. Binamu alipofika na farasi wake, mshale wa kwanza kutoka ukutani ulimkata mmoja zaidi ya nusu ya uhai wake. Alinyamaza, akaangalia kioo, akaniuliza pinde hizo nimezipata lini. Wale waliokuwa nyuma yake nao walinyamaza. Askari watatu tu, lakini kila mmoja alilinda mji na kusomesha taifa kwa wakati mmoja.

Hilo ndilo ninalotaka vijana wenzangu mlishike. Sayansi haitoki kwenye kubofya utafiti na kungoja zamu zipite. Kabla hujachagua cha kujenga, fungua mti wa teknolojia, ile orodha ya utafiti wote, usome Eureka za mbele. Migodi mitatu inakupa Uanagenzi. Njia moja ya biashara inakupa Sarafu. Eureka ikiwa karibu lakini haijafika, tafiti hadi asilimia 60 uache, uhamie kwingine. Ulichokwisha kufanya hakipotei. Wavivu wa kusoma ndio wanaolalamika kwamba kompyuta inadanganya.

Chuo nacho kina mahali pake. Kila mlima unaopakana nacho ni alama moja ya sayansi, na tumbawe au ufa wa joto la ardhini ni mbili. Wakorea wana Seowon, Chuo chao wenyewe, inayoanza na nne moja kwa moja, lakini lazima iwe kilimani, na kila wilaya unayoibandika ubavuni mwake inakula moja. Mimi huiacha peke yake. Ndugu zangu, tafuteni mlima kwanza ndipo muweke mji; ukishaweka mji, mlima haukufuati. Na msidharau utamaduni: kadi ya sera iitwayo Falsafa ya Asili inazidisha mara mbili faida ya mahali Chuo kilipo, nayo inakuja kwa upande wa utamaduni. Nimewaona watu wamejaza maktaba kila mji na kadi hiyo hawajaifikia.

La mwisho linatuhusu sisi watu wa pwani hasa. Zanzibar imo humo kama mji-dola, yaani mji mmoja unaojitawala. Usiende kuivamia. Ukiwa mlezi wake unapata karafuu na mdalasini, anasa ambazo huzipati kwingine kwenye ramani, na wananchi wakiridhika miji huzalisha zaidi, sayansi ikiwemo. Ili uwe mlezi, inataka uwe umeipelekea wajumbe watatu angalau, na uwe umewazidi wenzako wote. Ukiwa wa kwanza kuifikia, mjumbe mmoja unapewa bure, na hiyo ni kazi ya yule yule skauti.